Gololi Katika Shingo ya Baiskeli: Kwa Nini Usukani Hukwama, na Namna ya Kuutengeneza

Kasumulu ni kituo cha mpakani katika wilaya ya Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania. Hapo Mto Songwe ndio mpaka: upande mmoja ni Tanzania, na ng'ambo ni wilaya ya Karonga nchini Malawi. Nchi hiyo ya kando ya Ziwa Nyasa ni tambarare, nayo iko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo baiskeli imepata makao mema huko kuliko katika vilima vya Tukuyu vilivyo kaskazini yake. Baiskeli hubeba mpunga, ndizi, kakao, madumu ya mawese na, zaidi ya yote, watu. Ng'ambo ya mto baiskeli za abiria huitwa kabaza. Ingawa siku hizi pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo, baiskeli bado ni chombo cha kutafutia riziki kwa wengi.

Katika mahali kama hapo huonekana mara kwa mara ugonjwa mmoja wa baiskeli ambao dalili zake hufanana daima. Mwendeshaji anaona kwamba usukani hauzunguki kwa ulaini kama ulivyokuwa. Ukinyooshwa mbele unanasa mahali fulani, kana kwamba umeingia katika kijishimo. Ukisukumwa kidogo unatoka kwa kuruka. Mwenye baiskeli huapa kwamba hajaanguka wala kugonga kitu. Fundi akiifungua baiskeli anakuta katika kibakuli cha chuma safu ya vijishimo vidogo, vimepangika kwa nafasi sawa kama punje za mahindi katika gunzi. Vijishimo hivyo vimetoka wapi? Je, kuna hatari gani katika jambo dogo kama hilo? Na mafuta mazito yanayoitwa grisi yana kazi gani hasa? Makala haya yanajibu maswali hayo matatu, kisha yanaeleza hatua kwa hatua namna ya kuihudumia shingo ya baiskeli.

Sehemu za shingo

Baiskeli ina sehemu mbili kubwa zinazoungana mbele. Ya kwanza ni fremu. Ya pili ni uma wa mbele, ambao mafundi wengi huuita foku, yaani vile vyuma viwili vinavyolishika gurudumu la mbele. Juu ya uma kuna bomba jembamba, nalo tutaliita shina la uma. Shina hilo hupita ndani ya bomba fupi na pana zaidi lililo mbele ya fremu, nalo tutaliita bomba la shingo. Usukani umefungwa juu ya shina, hata ukizungushwa, uma na gurudumu huzunguka pamoja nao.

Kama shina lingegusana moja kwa moja na bomba la shingo, chuma kingesaga chuma. Kwa hiyo katika kila ncha ya bomba, juu na chini, pamewekwa vipande viwili vya chuma kigumu vinavyotazamana: kimoja kina umbo la kibakuli, na cha pili kina umbo la koni iliyokatwa ncha. Kati yake hupangwa duara ya gololi. Katika baiskeli nyingi za mtindo wa zamani, zile nzito zenye breki za vyuma, gololi hizo zina kipenyo kinachokaribia milimita 4, yaani sehemu 5 kati ya 32 za inchi. Gololi za gurudumu la mbele huwa kubwa zaidi kidogo, na za gurudumu la nyuma kubwa zaidi tena, kiasi cha milimita 6.35, yaani robo ya inchi. Si busara kuzichanganya.

Kipande cha juu kabisa kina meno ya parafujo kwa ndani, nacho hufungwa katika meno ya shina. Kwa kukizungusha fundi anaweza kuzibana au kuzilegeza gololi. Juu yake huja nati ya kufungia, ambayo kazi yake ni kukizuia kipande hicho kisilegee chenyewe.

Kuteleza na kubingirika

Kila mwanafunzi wa fizikia amejifunza habari za msuguano. Chuma kikavu kikiteleza juu ya chuma kikavu, kani inayohitajika kukisukuma huweza kufikia nusu ya uzito unaokandamiza, au hata kuzidi. Vyuma hivyo vikipakwa mafuta, kani hiyo hushuka hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito. Lakini gololi ngumu zikibingirika kati ya vyuma laini na safi, kani inayotakiwa ni kama elfu moja au elfu mbili tu ya uzito huo, yaani sehemu 1 au 2 kati ya 1,000. Tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya baiskeli kuwa chombo chepesi.

Wazo hilo si la jana. Leonardo da Vinci wa Italia alichora gololi za kubeba mihimili katika miaka ya 1490. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Wales alipewa hataza ya gololi kwa ajili ya ekseli za magari ya farasi. Mwaka 1869 Jules Suriray, fundi wa Paris, alipewa hataza ya gololi za baiskeli. Hata hivyo gololi zilikuwa ghali na hazikulingana ukubwa, mpaka mwaka 1883 Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, alipobuni mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja zikatoka za mviringo kamili na za ukubwa mmoja. Miaka miwili baadaye, mwaka 1885, John Kemp Starley wa Uingereza alitoa baiskeli yake iliyoitwa Rover, ambayo umbo lake ndilo mzazi wa baiskeli zote zilizokuja kuenea Afrika ya Mashariki, kama vile Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China na Hero ya India.

Kwa nini gololi lazima zilingane? Hesabu ndogo yaonyesha. Tuchukue baiskeli yenye mwendeshaji, abiria na mzigo, vyote pamoja na baiskeli yenyewe vikiwa na kilo 150. Uzito wake ni karibu nyutoni 1,500. Kwa kuwa abiria hukaa nyuma juu ya keria, tuseme kwamba gurudumu la mbele huchukua nyutoni 450 tu, na tuchukulie kwamba mzigo huo wote unapita katika gololi 25 za chini ya shingo. Kila gololi ina sehemu yake ya nyutoni 18. Lakini gololi haigusi chuma wima. Huigusa kwa mshazari wa nyuzi kama 45, hivyo kani halisi inayoibana hufika nyutoni 25. Hiyo ni kama uzito wa kilo mbili na nusu juu ya gololi moja ndogo kuliko punje ya njegere.

Gololi ni mviringo, kwa hiyo huugusa uso wa chuma mahali padogo mno. Kanuni alizozitoa Heinrich Hertz mwaka 1882 zaonyesha kwamba, kama uso huo ungekuwa bapa, doa la mgusano lingekuwa na kipenyo cha milimita 0.14 hivi. Eneo lake lingekuwa milimita za mraba 0.015. Gawanya nyutoni 25 kwa eneo hilo: kanieneo yake ni karibu nyutoni 1,700 kwa kila milimita ya mraba, yaani mara elfu kumi na saba ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Chuma laini cha kawaida, kama kile cha misumari, kingebonyea papo hapo. Ndiyo maana gololi na njia zake hutengenezwa kwa chuma kilichogumishwa kwa moto, na ndiyo maana njia hizo hufanywa kuwa na mfuo uliopindwa kufuata umbo la gololi, ili eneo la mgusano liongezeke na kanieneo ipungue.

Chini ya mzigo huo gololi na chuma hubonyea kidogo na kurudi. Jumla ya kubonyea huko, juu na chini ya gololi, haizidi milimita 0.005. Basi ikiwa gololi moja imezizidi nyingine kwa milimita 0.01 tu, yenyewe itabeba sehemu kubwa ya mzigo kabla nyingine hazijaguswa. Hapo ndipo lilipo kosa la kuchanganya gololi kuukuu na mpya katika kibakuli kimoja. Jicho haliwezi kuiona tofauti, lakini chuma huihisi. Gololi hubadilishwa zote pamoja, au haibadilishwi hata moja.

Vijishimo hutoka wapi?

Watu wengi husadiki kwamba vijishimo katika kibakuli hutokana na kugongwa: gurudumu linaingia shimoni, gololi zinakipiga kibakuli kama nyundo, na alama hubaki. Jambo hilo huweza kutokea baiskeli ikipata kishindo kikubwa, hasa ikiwa shingo imelegea. Lakini maelezo hayo hayatoshi. Gololi za magurudumu hupata vishindo hivyo hivyo, na bado njia zake ni nadra kupata vijishimo vilivyopangika. Kuna tofauti gani?

Tofauti ni hii: gurudumu huzunguka muda wote, ila usukani hauzunguki. Mtu anayekwenda moja kwa moja kutoka Kyela mjini mpaka Kasumulu huugeuza usukani kwa nyuzi moja au mbili tu, huku na huku. Uma ukigeuka kwa nyuzi 2, gololi husogea nusu ya mwendo huo, yaani nyuzi 1. Katika duara yenye nusukipenyo cha milimita 16.5, nyuzi 1 ni mwendo wa milimita 0.29 tu. Gololi haiendi mbali kiasi cha kujipaka grisi mpya. Inakaa palepale ilipokuwa jana na juzi.

Wakati huohuo barabara inautikisa uma mbele na nyuma. Uma si jiwe. Hupinda kidogo na kurudi kila gurudumu linapopita juu ya kokoto. Kwa kupinda huko koni ya chini huinama kidogo sana juu ya gololi zake, na gololi hulazimika kuteleza badala ya kubingirika. Utelezi huo ni mdogo mno, lakini hurudiwa mara maelfu kwa siku. Grisi iliyokuwa kati ya gololi na kibakuli husukumwa pembeni, nayo hairudi. Sasa chuma kinagusa chuma kitupu. Chembe ndogo za chuma hung'oka, huungana na oksijeni ya hewa na kuwa unga mwekundu ulio mgumu, na unga huo husaga zaidi. Hivyo kila gololi huchimba kaburi lake polepole.

Wahandisi waliutambua uharibifu wa namna hii katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, baada ya kuona kwamba magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni yalifika na alama katika njia za gololi za magurudumu, ingawa hayakuwa yameendeshwa hata kilomita moja. Mtikisiko wa safari ulitosha.

Fundi anaweza kuuthibitisha ukweli huo kwa macho yake. Kwanza, vijishimo hupatikana zaidi katika njia ya chini, ambako mzigo ni mkubwa, kuliko ya juu. Pili, huwa na kina zaidi upande wa mbele na wa nyuma kuliko ubavuni, kwa kuwa uma hupindia mbele na nyuma. Tatu, mara nyingi huandamana na unga mwekundu mfano wa kutu, hata pale maji yasipoingia. Kishindo cha mara moja kisingeacha ushahidi wa namna hiyo.

Hatari yake

Mtu aweza kudhani kwamba usukani unaonasa kidogo ni usumbufu tu. Sivyo. Baiskeli haisimami kwa sababu mwendeshaji hukaa katikati kama gunia; husimama kwa sababu usukani hugeuka bila kukoma, nyuzi chache huku na chache kule, ili magurudumu yarudi chini ya uzito unaotaka kuanguka. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu na mikono ya mwendeshaji na kwa sehemu na baiskeli yenyewe. Mwaka 2011 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walionyesha kwamba hata baiskeli isiyo na mtu, ikipangwa vyema, huweza kujigeuza na kujisimamisha inapokwenda. Jambo la lazima ni kwamba usukani uwe huru.

Usukani unaonasa huvuruga hesabu hiyo. Mwendeshaji husukuma kidogo, usukani haugeuki. Husukuma zaidi, usukani unaruka kupita kiasi. Baiskeli huyumba. Akiwa peke yake barabarani hana hofu kubwa. Lakini akiwa na abiria nyuma, na lori linampita kwa karibu, yumbo la nusu mita huweza kuwa tofauti ya kufika na kutofika. Shingo iliyolegea nayo ina hatari yake: breki ya mbele ikikamatwa, uma wote hugonga mbele na nyuma, na meno ya shina huanza kuliwa.

Grisi ni kitu gani?

Grisi si mafuta yaliyoganda tu. Ni mafuta ya kulainisha yaliyoshikwa na sabuni. Sabuni hiyo hufanya nyuzi ndogo sana zilizosukana kama sifongo, na mafuta hukaa katika matundu yake. Grisi ikitulia, husimama mahali pake wala haimwagiki. Ikisagwa na gololi, sifongo hulegea na kuachia mafuta kidogo kidogo. Kwa hiyo grisi hufanya kazi tatu: hulainisha, huzuia maji na vumbi, na kwa ule unato wake huzishika gololi mahali pake fundi anapozipanga.

Tabia ya grisi hutegemea sabuni iliyotumiwa. Grisi ya sabuni ya sodiamu hustahimili joto, lakini huyeyuka katika maji kama sabuni ya kufulia. Grisi ya sabuni ya kalsiamu, iliyo ya kale zaidi, haishindwi na maji ila huharibika upesi kwenye joto kubwa. Grisi ya sabuni ya lithiamu, iliyovumbuliwa nchini Marekani mnamo miaka ya 1940, hustahimili yote mawili kwa kiasi kizuri, ndiyo maana imeenea duniani. Shingo ya baiskeli haipati joto kubwa, bali katika Kyela, ambako mvua katika sehemu nyingi huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, hupata maji mengi. Basi grisi ya kalsiamu au ya lithiamu hufaa. Ile ya sodiamu haifai.

Kwa kuwa Kyela ni nchi ya michikichi, huenda mwanafunzi akauliza: kwa nini mawese yasitumike? Mawese hulainisha vizuri kwa siku chache. Lakini mafuta ya mimea huungana na oksijeni ya hewa, huchacha na kutoa asidi inayokila chuma, kisha huwa gundi inayokamata vumbi. Tena mawese hayana sifongo ya kuyashika: joto la mchana huyayeyusha yakachuruzika, na baridi ya usiku huyagandisha. Mafuta ya injini yaliyokwisha tumika nayo hayafai, kwa kuwa yamebeba masizi na chembe za chuma, na huchuruzika vilevile.

Namna ya kuihudumia shingo

Vifaa vinavyohitajika ni spana mbili zinazolingana na nati za shingo, spana ya bolti ya usukani, nyundo, kipande cha ubao, kitambaa safi, bakuli pana, mafuta ya taa, grisi mpya, na gololi mpya za kipimo kilekile. Kazi ifanyike juu ya gunia au shuka kuukuu, maana gololi ikianguka mchangani haipatikani.

Kwanza, vyuma vya breki ya mbele hufunguliwa kutoka kwenye usukani. Kisha bolti iliyo juu ya shingo ya usukani hulegezwa mizunguko mitatu au minne, bila kuitoa. Ubao huwekwa juu ya kichwa chake na kugongwa kwa nyundo mara moja au mbili, ili kile kikabari kilicho chini kiachie. Sasa usukani huvutwa juu na kutolewa.

Pili, nati ya kufungia hutolewa, pamoja na pete au kishikio cha taa kilicho chini yake. Kabla ya kukifungua kipande chenye meno, mkono mmoja huushika uma usianguke. Kisha kipande hicho hufunguliwa polepole, na uma hushushwa taratibu, gololi zikikusanywa bakulini. Gololi za juu na za chini huwekwa mbali mbali na kuhesabiwa. Hesabu hiyo iandikwe.

Tatu, vyuma vyote huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa kwa kitambaa. Petroli isitumike, kwa kuwa mvuke wake hulipuka. Na hata mafuta ya taa yawe mbali na moto. Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni, maana mitaro ya Kyela huishia katika mito na mito huishia ziwani, kwenye samaki ambao watu hula. Yahifadhiwe katika kopo.

Nne, njia za gololi hukaguliwa. Ncha ya kalamu hupitishwa juu yake polepole. Ikikwama mahali, pana kijishimo. Mstari unaong'aa, ulio laini na wa upana mmoja, ni dalili ya afya. Vipande vyenye vijishimo virefu au nyufa hubadilishwa.

Tano, grisi hupakwa kwa wingi katika sehemu iliyo na umbo la bakuli, na gololi hupachikwa humo moja moja. Ikiwa bakuli limetazama chini, fremu hupinduliwa, au grisi yenyewe huachwa izishike. Gololi zisijazwe hadi zibanane. Mzingo wa duara yenye kipenyo cha milimita 33 ni milimita 103.7, ukigawanywa kwa kipenyo cha gololi, milimita 3.97, hupatikana 26. Duara hiyo basi hupewa gololi 25, ili ibaki nafasi inayokaribia gololi moja. Zikijazwa mno hupandana na kukwama. Zikipungua, kila moja hubeba zaidi. Gololi 18 badala ya 25 maana yake ni kwamba mzigo wa kila moja umeongezeka kwa asilimia 39. Grisi nyingine hupakwa juu ya gololi na katika shina lote ili kulikinga na kutu.

Sita, uma hurudishwa kwa uangalifu, gololi za juu hupangwa vivyo hivyo, na kipande chenye meno hufungwa kwa vidole mpaka kiguse gololi. Halafu pete na nati hurudishwa.

Kubana kwa kiasi

Hatua ya mwisho ndiyo inayomtofautisha fundi na mwanagenzi. Meno ya shina yana nafasi ya karibu milimita moja kwa mzunguko mmoja. Basi sehemu moja ya sita ya mzunguko hukishusha kipande cha juu kwa milimita 0.17. Tumekwisha kuona kwamba gololi hubonyea kwa elfu chache tu za milimita. Kwa hiyo hata mzunguko mdogo mno huweza kuzibana gololi kupita kiasi. Tena, nati ya kufungia ikikazwa hukisukuma chini kipande kilicho chini yake. Kwa sababu hiyo kipande hicho huachwa kimelegea kidogo sana, hushikwa kwa spana moja kisizunguke, na nati hukazwa kwa spana ya pili.

Majaribio mawili hufanywa. La kwanza: breki ya mbele hukamatwa na baiskeli husukumwa mbele na nyuma, vidole vikiwa vimewekwa pale uma unapokutana na fremu. Kukisikika mchezo, shingo imelegea. La pili: gurudumu la mbele huinuliwa juu ya ardhi na baiskeli huinamishwa kidogo ubavuni. Usukani uanguke wenyewe upande huo, bila kunasa. Ukisita, umebanwa mno. Kazi huwa imekamilika pale majaribio yote mawili yanapofaulu. Kabla ya safari, bolti ya usukani na vyuma vya breki hukaguliwa tena, na breki hujaribiwa baiskeli ikisukumwa kwa mkono. Shingo ya usukani iingizwe ndani kiasi cha kutosha, isipite alama iliyochorwa na mtengenezaji.

Iwapo vipande vipya havipatikani, ipo hila moja ya haki. Baadhi ya baiskeli huja na gololi zilizofungwa katika pete ya bati. Tuseme zilikuwa 18. Vijishimo vyake vimeachana kwa nyuzi 20. Pete ikitolewa na kuwekwa gololi huru 25, hizo huachana kwa nyuzi kama 14. Haziwezi kuingia zote katika vijishimo kwa wakati mmoja, na usukani hulainika. Lakini hilo ni tiba ya muda, wala si badala ya vipuri vipya.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na karakana yaweza kuyachunguza mambo haya kwa gharama ndogo. Vifuniko viwili vya makopo huwekwa kimoja juu ya kingine, na juu yake vitabu vyenye uzito wa nyutoni 20. Kifuniko cha juu huvutwa kwa mizani ya springi, na kani husomwa. Kisha gololi za kioo za kuchezea hupangwa kati ya vifuniko, na kani husomwa tena. Mwishowe huongezwa mchanga mkavu kidogo. Wanafunzi watajionea kwa hesabu zao wenyewe kile ambacho vumbi la barabarani hulifanyia shingo.

Jaribio la pili linahitaji misumari mitatu iliyosuguliwa ikang'aa: mmoja hupakwa grisi, wa pili mawese, wa tatu hauachiwi kitu. Yote huloweshwa kila asubuhi kwa siku 14, na kutu hulinganishwa.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa nchini Tanzania mwaka 1967, ilisisitiza kwamba elimu ya darasani isitengane na kazi za maisha. Shingo ya baiskeli ni mfano mwema wa jambo hilo. Ndani yake mna msuguano, kanieneo, jiometria ya duara, kemia ya sabuni na ya kutu, vyote vikiwa katika nafasi isiyozidi kiganja cha mkono. Na faida yake haiishii katika mtihani. Fundi aliye chini ya mwembe, mwendeshaji anayengoja abiria penye daraja la Songwe, na mwanafunzi anayekwenda shule kwa baiskeli ya baba yake, wote hutegemea kwamba gololi hizo hamsini zinabingirika. Kuzifungua, kuziosha na kuzipaka grisi mpya mara moja kila mwaka, baada ya masika, ni kazi ya saa chache. Usukani ulio huru ndio malipo yake.